Nepi Nilizozianika Kwenye Mnyaa

Mwanangu Rehema, nianze na upumbavu wangu mimi mwenyewe, kabla watu hawajakuhadithia wakautia chumvi. Ni mimi mjomba wako niliyekuunguza makalio ukiwa na siku ishirini na mbili duniani. Naikumbuka siku hiyo, ilikuwa Jumatano, na upepo wa kwetu Ihanja ulikuwa unavuma kama umetumwa. Nilizifua nepi zako, nikazianika kwenye mnyaa.

Mtu wa mbali akisoma hapo atauliza, kosa liko wapi? Wa kwetu ameshashika kichwa. Mnyaa ndio ua wetu. Tunauzungushia boma kwa sababu mbuzi hali, ng'ombe hali, na mwizi akijipenyeza anajuta. Ukivunja kijiti chake unatoka utomvu mweupe kama maziwa. Ukiingia jichoni, utalia hadi zahanati. Ukigusa ngozi laini, ngozi inavimba na kuwasha. Mtoto wa miaka minne anayajua hayo. Mimi nilikuwa na kumi na sita, kidato cha pili, na baiolojia nilikuwa nafaulu. Kusoma na kuwa na akili, mwanangu, ni watu wawili wanaopishana njiani bila kusalimiana.

Nakuita mwanangu, usinicheke. Mjomba ni mzee hata kama bado anachapwa kwa kuchelewa namba shuleni. Na wazee wakitaka kunasihi huanza na ujinga wao wa ujanani. Ujinga wangu ni wa mwaka juzi tu, lakini nimeona nisingoje uote mvi. Yaliyotokea yananipa fahari, na fahari ikikaa sana tumboni inageuka uongo.

Sasa kaa vizuri.

Mama yako, yaani dada yangu Mwajuma, aliolewa Singida mjini, kwa watu wa maduka, nusu yao asili ya pwani na nusu wa bara. Mimba ya kwanza, kwa desturi yetu, mwanamke hurudi kujifungulia kwa mama yake, na akishajifungua anakaa ndani mpaka arobaini itimie. Ndipo anarudishwa kwa mumewe, yeye amenawiri na mtoto amenona. Mama aliyemtunza binti yake aliyejifungua, yaani mzazi, mpaka arobaini anatembea kijijini kichwa juu. Lakini akija mtu kumchukua mzazi kabla ya siku, kwamba hapa hatunzwi vizuri, hilo litasemwa kisimani mpaka wajukuu walisikie.

Bibi yako, mama yangu, alijiandaa mapema. Ilikuwa miaka hii ya ruksa, vitu vimejaa madukani, wewe tu na mfuko wako. Mama alikuwa anasema zamani hata mche wa sabuni uliupangia foleni, ukafika dirishani ukaambiwa imekwisha. Sasa mitumba ilikuwa inamwagwa chini mnadani kama mahindi. Wenzake wakawa wanachagua magauni ya kung'aa, yeye anachagua mashuka. Anayapapasa, anayanusa, anayapima kwa shavu lake. Pamba tupu, laini kwa kuoshwa sana. Akayachemsha, akayakata, akapinda kila ukingo kwa mkono, jioni baada ya jioni, miezi minne. Nepi ishirini na nne. Akazipiga pasi ya mkaa na kuzipanga kwenye boksi kama mtu anayepanga vitabu. Mgeni akiingia, hata aliyekuja kuomba moto, anaonyeshwa boksi.

Nyumbani hapakuwa na msichana mwingine. Mama alikuwa na uji wa mzazi, maji ya moto ya mzazi, kumkanda mzazi. Kwa hiyo kufua nepi kukaniangukia mimi.

"Mimi mwanaume, mama!"

"Na huyo mtoto anakojoa kwa ajili ya wanawake peke yao?"

Mkono mmoja haulei mwana, wahenga walisema, ila hawakusema mkono wa pili utakuwa wangu.

Nikafua, kwa kununa. Tatizo likaja kwenye kuanika. Kamba ya katani ya kuanikia nilikuwa nimeifungua mwenyewe siku iliyotangulia nikaenda kuifunga juu ya nguzo za goli letu, kwa sababu tulikuwa tumechoka kugombana kama mpira umepita juu au chini. Goli likapendeza sana. Nyumbani nikabaki na beseni la nepi na hakuna pa kuzitundika. Nikautazama mnyaa. Unashika nguo vizuri, haupeperushi. Nikazitandaza, na nyingine nikazisukumiza ndani zisichukuliwe na upepo. Nilivisikia vijiti vikikatika, ka, ka, ka. Nikajiambia jua litakausha. Alhamisi nikarudia.

Ijumaa asubuhi ulilia kilio ambacho hatukuwa tumekisikia. Mama akakufungua. Makalio mekundu, na vipele vimetutumka kama punje za mtama. Dada akaanza kulia na yeye. Mama akakuogesha maji matupu ya uvuguvugu, akakupeleka zahanati mwenyewe, akarudi na dawa ya kupaka, akakulaza bila nepi juu ya kanga. Kisha akaanza kujitafuta kosa. Labda sabuni. Labda sikuzichemsha vya kutosha. Labda mashuka yale yalikuwa na ugonjwa wa huko yalikotoka. Alilitoa boksi lake lile, akalitazama kama mtu aliyedanganywa na rafiki.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Vifundo vya mikono yangu vilikuwa vinaniwasha tangu usiku. Nikaikimbilia kamba golini, nikairudisha kimyakimya, nikazifua nepi zote upya mara tatu na kuzianika kamba nzima. Kwa mdomo sikusema kitu. Nilijipa moyo: atapona, yatapita. Mficha uchi hazai, mwanangu. Mimi nilikuwa nauficha uchi wangu nyuma ya makalio yako.

Jumamosi saa nne akaja bibi yako wa mjini, mzaa baba. Alishuka kwenye basi na kikapu cha mkono, baibui jeusi linalonukia udi, na chini ya kwapa pakiti kubwa inayong'aa yenye picha ya mtoto mzungu anacheka. Pampasi. Ndiyo kwanza zilikuwa zinaonekana kwetu. Nikampokea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, Hamisi. Haya, yuko wapi mjukuu wangu?"

Akaingia, akakaa, akakupokea, akaifunua kanga. Nilikuwa mlangoni, na nilimsikia akivuta pumzi.

"Ala! Mama Mwajuma, mtoto huyu mmemfanya nini?"

Mama akaeleza. Zahanati, dawa, maji. Bibi wa mjini akasikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu, kisha akachukua nepi moja boksini kwa vidole viwili.

"Sikulaumu, mwenzangu. Umejitahidi. Lakini haya ni matambara. Mashuka ya mitumba, nani anajua yamelaliwa na nani? Watu siku hizi hawatumii haya. Basi la saa tisa likipita, mimi nitaondoka na mkwe wangu na mjukuu wangu. Mjini kuna hospitali, kuna hizi za kisasa, unavalisha, unatupa, kwisha."

"Arobaini bado, mama," dada akasema kwa sauti ndogo.

"Arobaini atamalizia kwangu."

Nilimtazama mama. Nilitegemea abishe. Mama yangu anabisha hata na redio. Lakini alikuwa amekaa juu ya kigoda, anaikunja nepi ileile, anaikunjua, anaikunja tena. "Kama mnaona hivyo, sawa," akasema. Moyo wangu uliniuma mahali ambapo sikujua kuna moyo.

Nikaingia katikati ya chumba. "Nepi hazina kosa. Nilizianika kwenye mnyaa."

Hapo ndipo nilipovuna nilichopanda, mwanangu. Unajua sifa yangu. Wiki moja kabla nilikuwa nimemwambia mama mmoja jirani kwamba jogoo wake ametaga, na akaenda kuangalia. Basi dada akafuta machozi akasema, "Hamisi, leo siyo." Mama akasema, "Toka nje." Bibi wa mjini akacheka, kwa huruma kabisa, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. "Anamtetea mama yake. Mtoto mzuri. Ila uongo haufai, baba."

Fikiria! Miaka kumi na sita nasema uongo na naaminiwa, siku naleta ukweli, naonekana mcheshi.

Nikatoka mbio mpaka kwenye ua. Nilizokuwa nimezifua upya zilikuwa ishirini na tatu. Ya ishirini na nne upepo ulikuwa umeisokomeza ndani ya mnyaa, sikuiona Ijumaa. Sasa niliiona. Nikaichomoa kwa kijiti. Ilikuwa na madoa ya kahawia kila mahali utomvu ulipokauka. Nikailoweka kidogo, kama mtu mmoja ninayemjua alivyokuwa anaziloweka mwenyewe, nikavua shati, nikaifunga tumboni kwa pini mbili, nikarudi ndani.

"Bibi," nikasema, "sasa ni saa tano kasoro. Basi ni saa tisa. Mimi navaa hii. Nisipopata vipele kama vya Rehema, nitawabebea mizigo mpaka stendi, na mniite mwongo mbele ya abiria."

Akamtazama mama, mama akatazama doa moja la kahawia.

Nikaenda nje kutafuta jasho, kwa sababu nilijua nepi haimuunguzi mtu aliyekaa kivulini. Nikakata kuni. Nikachota maji madumu manne. Kisha nikaanza kukimbia kuzunguka nyumba, kifua wazi, nepi tumboni, jua la Singida kichwani. Rafiki yangu Yohana akapita na baiskeli, akashuka kabisa ili afaidi.

"Hamisi! Arobaini yako lini, tulete kuku?"

"Pita hivi, Yohana."

"Umenyonya lakini?"

Wakaja na wengine. Waliniimbia wimbo wa kubembeleza watoto, wakapiga na makofi. Niliendelea kuzunguka. Mzunguko wa kumi hivi kuwasha kukaanza, kwanza kama sisimizi, halafu kama siafu. Sijawahi kufurahia maumivu, siku hiyo niliyafurahia. Nilikuwa naomba Mungu ayazidishe.

Saa nane nikaingia, nikafungua pini. Tumbo lilikuwa jekundu kama limebabuliwa na jiko, na vipele vimepangana, vidogo, vyenye maji, kama punje za mtama. Bibi wa mjini akatoa miwani kwenye kikapu. Akakutazama wewe. Akanitazama mimi. Akakurudia wewe. Akagusa kipele kimoja changu, nikaruka.

"Ni vilevile," akasema.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo linanifanya nimheshimu. Alivua miwani, akamgeukia mama. "Mama Mwajuma, niwie radhi. Nepi zako nimezionea, na wewe nimekuonea. Mzazi atabaki kwako mpaka arobaini." Akaiokota ile nepi aliyokuwa ameishika kwa vidole viwili, safari hii kwa mikono yote, akaupapasa ukingo wake. "Umepinda kwa mkono? Zote?"

"Zote."

"Nishonee na mimi dazeni, nikae nazo mjini. Na huyu," akanielekezea kidole, "azifue mwenyewe mpaka siku ya mwisho."

Basi likapita saa tisa likamchukua peke yake. Pakiti yake akatuachia.

Siku tano ukapona kabisa, na hukubaki hata na alama. Mimi ninayo moja karibu na kitovu, uje uione ukipenda. Na mimi nikafua mpaka arobaini. Hapo nikajifunza kazi ambayo nilidhani ni ya kusukasuka maji tu. Mavi yanakung'utwa chooni kwanza. Nepi inalowekwa kwenye ndoo yake, isichanganywe na nguo za watu. Inafuliwa kwa sabuni ya mche, inasuuzwa maji mawili, matatu, mpaka maji yawe kama yalivyotoka kisimani, maana sabuni ikibaki nayo inawasha. Mara kwa mara inachemshwa. Kisha kamba, na jua kali. Maji ya mwisho ya kusuuzia nayapeleka kwenye mipapai, na mipapai yetu mwaka ule ilibeba kuliko ya mtu yeyote. Yohana alipokula papai nikamwambia limekuzwa na nini, akatema, halafu akamalizia.

Walinipa jina shuleni, Mama Nepi. Nikalivaa. Upepo ukivuma na zile nepi ishirini na tatu zikipepea zote kwa pamoja, nyeupe, zilionekana kutoka barabara kuu, na wanawake wanaopita walikuwa wanauliza ni nani anayefua hapa. Mama alikuwa anajibu, "Mwanangu wa kiume." Nilikuwa najifanya sisikii. Nilikuwa nasikia vizuri sana.

Na zile pampasi? Tulizitumia, siku za safari na siku za mvua isiyokatika. Sitasema hazina kazi, zilitusaidia. Tulizitupa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Tulijaribu kuzichoma, zikatoa moshi wa kuliza kijiji, ndani zikabaki mbichi. Katika shimo hilohilo mama aliamuru niizike nepi ya mnyaa. Masika ya mwaka huu yakalifumua shimo. Pampasi zilikuwa zimetoka zimevimba kama vitumbua, nzima, mwaka na zaidi baada ya wewe kuzikojolea. Mbuzi wa jirani alikuwa anatafuna moja, tukamnyang'anya kwa vita. Niliichimbua nepi kwa jembe niione imekuwaje. Sikuipata. Nilipata udongo mweusi, na pini mbili zenye kutu.

Nikasimama pale nikafikiri. Nguo ililala na mzungu asiyenijua, ikamvalisha mjukuu wa mama, ikaniunguza mimi, ikawa udongo. Kile kingine kilivaliwa kwa saa tatu tu, na kitakuwa hapo mpaka uje uzikwe wewe na mimi. Wanakiita cha kutupa. Kukitupa wapi, wakati shimo ni letu?

Zile nepi nyingine nazo hazijalala. Ulipoanza kusema "kojo" mwenyewe, mama alizichemsha na kumpa binti wa jirani aliyejifungua, na sasa zimevuka mpaka kijiji cha Mungaa, zinavaliwa na mtoto wa tatu. Mbili zilizochakaa tunafutia taa.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, nawe uishike ukikua, ukiwa na wako. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kipya kikija mlangoni kipokee, kipe kiti, lakini usimtoe nje wa zamani kabla hujamuuliza amekosa nini. Ukiona aibu kufua cha mtoto wako, jua kuna mtu aliyefua chako bila aibu. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna mtu wa kukuamini. Mimi nilichelewa siku moja nikalipa kwa ngozi. Na nguo ya mtoto, kwa jina la Mungu, ianike kwenye kamba.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe afya ya mpapai na shukrani ya udongo, akupe watoto wanaocheka na mikono ya kuwafulia, na mjomba wako awepo akiona, hata kama atakuwa hana meno.

Sijakuambia mama alisema nini siku ile, maana tangu aniambie nitoke nje mpaka basi liondoke hakunisemesha hata neno. Jua lilipoinama aliniita, akanilaza kwenye mkeka, akanipaka tumboni ile dawa yako ya zahanati, taratibu, kipele kimoja kimoja. Nilidhani atanichapa akimaliza. Akafunika kopo, akafuta vidole kwenye kanga, akasema hivi:

"Wa kunivika aibu ni wengi, Hamisi. Anayerudi mwenyewe kuja kuivua, sijamwona ila leo. Mungu akupe watoto wengi, na wote uwafulie kwa mkono wako. Haya, inuka. Rehema kajinyea."